Tabla Dukani

"Nikiachia mdundo, hata maiti anatafuta viatu!" Mtengeneza muziki wa disko alitamba hivyo redioni, ilhali alikuwa hajawahi kumchezesha baba yake mzazi. Hilo lilimnyima raha. Kila wimbo mpya huujaribu kwenye spika ya duka lao la vitambaa, vidole vikigonga kaunta, shingo ikienda kama ya kuku, na baba humwambia, "Zima hiyo jenereta, mwanangu." Juzi alichanganya kwenye wimbo mpya mlio wa tabla, ngoma ambayo babu yake alitoka nayo India. Baba, akiwa katikati ya kukata hariri, akatikisa kichwa. Mabega yakafuata, mkasi nao ukafuata mdundo, ukala hadi nje ya alama ya chaki. "Umeniponza, we mtoto!" alisema akicheka. "Hebu rudia!" Hariri ile ni elfu kumi na mbili kwa mita.