Kitabu Nilichoazima kwa Jina la Binti Yangu

Hadithi za vijana nilianza kuzisoma nikiwa na watoto watatu na pengo mdomoni. Ujana wenyewe niliuruka. Kwetu Uluguru msichana akivunja ungo alifungiwa ndani, akaitwa mwali. Mimi niliingia ndani nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, nikatoka nikapelekwa kwa mume. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima, baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa huku chini, upande wa Mlali.

Maktaba yetu ilikuwa kabati moja katika ofisi ya kijiji, na ufunguo alikuwa nao mwalimu wa darasa letu. Nilipochoshwa na vitabu vya mbolea na ufugaji wa kuku, nikaona kimoja chenye picha ya msichana anajifunza kuendesha baiskeli. Niliona haya, mama mzima, kukiomba.

“Ni cha binti yangu,” nikasema.

Binti yangu alikuwa darasa la saba, na mtihani ulikuwa unakaribia. Lakini siku chache nyuma alikuwa amevunja ungo, na mama yangu akamweka ndani mpaka ngoma yake iwe tayari. Mwali haoti jua wala hapazi sauti. Mimi nilimwogopa mama yangu kama mtoto. Mume wangu katika jambo hili hakuwa na neno. Kwetu mwenye mtoto ni mjomba. Ningeweza kupanda mlimani kwa kaka yangu nikamweleza habari ya mtihani. Nilijiambia nitakwenda kesho, kisha kesho kutwa.

Badala yake nilikaa nyuma ya jiko, nikasoma. Yule msichana wa kitabuni hakufanya mambo makubwa. Alianguka na baiskeli, akagombana na shoga yake, wakapatana. Mimi nilisoma mpaka maharage yakaungua. Niliona wivu, nikaona uchungu, halafu nikacheka kwa sauti.

Nyuma ya ukuta wa udongo binti yangu akanong'ona, “Mama, unacheka nini?”

“Kuku hawa,” nikajibu.

Sijui kwa nini sikumpa. Ninajua, ila inaniuma kusema: nilitaka kiwe changu. Nilikimaliza nikakirudia.

Siku moja mwalimu akaniuliza, “Mama, binti anakionaje kitabu?”

Nikamwaga sifa zote, nikamsimulia mpaka ile baiskeli ilivyotumbukia mtaroni.

“Basi huyo anasoma hasa,” akasema kwa furaha. “Keshokutwa kwenye mtihani hatakuwa na shida.”

Kumbe mwalimu hakujua kwamba binti yuko ndani. Alfajiri nikapanda mlimani mbio, nikamkosa kaka yangu; alikuwa ameteremka Morogoro kuuza kabichi. Nikamsubiri kwake, nikalala hapo. Aliporudi kesho yake jua lilikuwa limeshapanda, na darasani walikuwa wameshaanza kuandika. Nilimweleza yote huku nalia. Nilitegemea anigombeze kwa kutaka kuvunja mila.

“Sasa dada,” akasema, “si ungeniambia tangu mwanzo? Ningemwambia mama amtoe siku hiyo hiyo, ngoma ingekuja baadaye.”

Nilimuaga, nikateremka. Njia nzima nilitafuta wa kumlaumu. Mama yangu hakufaa, maana hakuna aliyemwomba kitu akakataa. Nilipofika nyumbani nilichukua kitabu, nikaingia kwa mwali. Nilimwambia mtihani umeanza bila yeye, na kwamba kosa ni langu. Nikamwekea kitabu mapajani, kurasa zake zimeshika masizi na mafuta ya jikoni.

Alifungua taratibu, akasoma kidogo kwa mwanga wa upenuni. Kisha akaniangalia.

“Kumbe kuku wenyewe ndio hawa, mama,” akanong'ona.