Maji Yametoka Ndani

Kwa miaka thelathini na moja Mzee Kagua alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, na kazi hiyo ilimfundisha jambo moja kuhusu binadamu: mtu aliyeingia mwembamba asubuhi akatoka mnene jioni, amejizungushia kitambaa cha kiwanda tumboni. Jina la Kagua alipewa na wafanyakazi wenzake. Hawakumpa kwa mapenzi, lakini yeye alilipokea kama nishani. Alipostaafu aliondoka na tabia ya kumtazama kila mgeni kiunoni kabla hajamtazama usoni.

Mwaka wa tisa huo alikuwa nyumbani, na stoo pekee iliyobaki ya kulinda ilikuwa nyumba yenyewe. Ilikuwa nyumba ya zamani aliyoachiwa na baba yake, yenye kuta nene, madirisha madogo, na mlango wa mbele wa mbao nzito. Aliishi na mkewe, wawili tu. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa huko mbali.

Mlango huo ndio uliomnyima raha. Kwa miezi kadhaa ulikuwa ukibana. Asubuhi aliuvuta hadi mishipa ya shingo ikamsimama, nao kimya, kama hauvutwi. Akija mkewe, huinua kitasa kidogo, akaupiga teke la upole pembeni, ukafunguka.

"Ni mlango mzee huu," mkewe husema. "Unataka kubembelezwa."

Kwa chini mbao ilikuwa imelainika, kidole kinazama. Mzee Kagua aliuona hapo mkono wa mtu. Mbao iliyovumilia miaka sitini haiwezi kuamka siku moja ikaanza kuoza yenyewe. Kuna mtu alikuwa anaulegeza mlango taratibu ili siku moja ausukume kwa bega na kuingia.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi mtu yule aliuliza swali lile lile.

"Leo hutoki, mzee?"

"Nikitoka, nisipotoka, wewe inakuhusu nini?"

"Basi, mzee wangu. Nakusalimia tu."

Salamu gani hiyo ya kuuliza nyumba inabaki tupu saa ngapi? Mzee Kagua akaamua: mlango utabadilishwa.

Ajabu ni kwamba mkewe hakufurahi. Mwanamke aliyelalamikia paa, dirisha na bomba la jikoni kwa miaka arobaini, leo aliutetea mlango uliooza. "Si tuuache tu?" alisema. "Umetukosea nini?" Hapo machale yakamcheza Mzee Kagua.

Fundi seremala alikuja siku ya pili. Alikuwa mtu mnene tangu asubuhi, kwa hiyo hakuwa na tatizo. Hata hivyo Mzee Kagua aliweka kiti chake hatua mbili kutoka kwake, na bawaba za zamani, ambazo zilikuwa za shaba, akazitia alama kwa wino zisije zikabadilishwa kimazingaombwe. Fundi aliona yote hayo akaendelea kutoa vifaa vyake; kazini alikuwa amewahi kusimamiwa na watu wabaya zaidi. Alipiga magoti, akadunga mbao kwa bisibisi, nje kisha ndani, akakuna kichwa.

"Mzee, hii siyo mvua."

"Nilijua. Ni nani?"

"Nani simjui. Lakini tazama. Kwa nje rangi haijachubuka hata kidogo. Uozo umeanzia huku, upande wa ndani. Maji yametoka ndani." Akainuka akijipangusa magoti. "Mlango mpya nitauleta baada ya siku tatu."

Siku tatu hizo Mzee Kagua hakula kwa raha. Kama maji yametoka ndani, na ndani kuna watu wawili, na yeye siye, basi hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaanza kuyapanga aliyokuwa ameyaona. Koti lake la buluu la kazini lilikuwa limetoweka kwenye msumari wake, na mkewe alidai hajui lilipo. Tena mkewe alikuwa akinong'ona na binti yao kwenye simu, akimwona yeye anaingia, anageuza mazungumzo kuwa ya bei ya sabuni. Picha ikamjia yote: wanataka kuiuza nyumba yake angali hai. Kwanza waiozeshe, kisha waseme haifai kukaliwa, kisha wampeleke kwa binti akalale chumba cha uani kama mizigo. Alimpenda mkewe, na ndiyo maana hasira yake ilikuwa na maumivu ndani yake.

Alfajiri ya siku ya tatu alijifanya amelala fofofo, mpaka na mkoromo akaupamba. Mkewe akashuka kitandani polepole. Mzee Kagua akahesabu hadi ishirini, akamfuata peku.

Alimkuta amechuchumaa mlangoni na kopo la maji. Alikuwa akiyamimina chini ya mlango kidogo kidogo, kisha akapitisha tambara lililolowa kwenye ukingo wote, kwa uangalifu, kama anayemnawisha mtoto.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Mzee Kagua.

Mkewe hakushtuka sana. Aliweka kopo chini, akakaa palepale sakafuni.

"Ni mimi."

"Mnataka kuiuza nyumba yangu."

"Nani auze nyumba yako, baba watoto?" Alifuta mikono kwenye kanga. "Mbao ikilowa inavimba, inabana. Inabana ili usitoke."

"Nitoke niende wapi saa hizi?"

"Kazini. Unaamka, ulikuwa unavaa koti mpaka nikalificha, unasema shehena ya sponji inaingia na usipokuwepo wataiba. Umetoka mara tatu. Mara mbili mlinzi wa kiwanda ndiye aliyekurudisha. Mara ya tatu fundi viatu alikukuta barabara kuu, katikati ya malori, unayasimamisha uyakague. Tangu siku hiyo yeye huwahi kufungua kibanda ili akuchunge."

"Uongo."

"Hilo kovu la mguuni umelipata wapi?"

Mzee Kagua aliutazama mguu wake. Kwenye muundi palikuwa na kovu refu, jekundu, la juzijuzi. Alikuwa ameambiwa ni chuma cha kitanda, akaamini, yeye asiyeamini mtu. Alijaribu kulitafutia kovu lile siku yake, mahali pake, uchungu wake, akakuta rafu tupu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mwizi yeyote.

"Kwa nini hukufunga tu kwa ufunguo?" aliuliza, na sauti ilikuwa ndogo.

"Nikufungie ndani kama mbuzi, ndani ya nyumba yako?" Mkewe sasa alikuwa analia. "Nikifunga mimi, utanichukia mimi. Ukibana, unautukana mlango. Unavuta, unatukana, unachoka, unakaa. Jua likichomoza unakuwa mwenyewe tena. Nilikuwa nafanya hivi mpaka nijue la kufanya."

Alikaa sakafuni karibu naye, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda, na wakabaki hivyo mpaka kukapambazuka.

Fundi alikuja saa nne na mlango mpya kwenye mkokoteni. Akang'oa ule wa zamani, akafunga mpya kwenye zile zile bawaba zenye alama ya wino, akaujaribu. Ulikwaruza kizingiti. Hilo ni la kawaida kwa mlango mpya. Fundi akautoa kwenye bawaba, akaulaza juu ya stuli mbili na kuchukua randa.

"Usiurande," alisema Mzee Kagua.

"Unabana kidogo tu, mzee. Dakika mbili."

"Uache ubane. Ubane sana. Kama una kipande cha ubao, ongeza."

Fundi alimtazama, akamtazama mke, akarudi kwa mzee. "Mzee wangu, watu watakuja hapa watauvuta, watasema fundi aliyefanya hii kazi anabahatisha."

"Waambie mwenye nyumba alikuwa mkorofi. Watakuelewa. Wananijua."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye kona ya sebule na kopo mkononi. Mzee Kagua alilichukua, akalirudisha jikoni mwenyewe. "Mbao hii ni mpya," alimwambia aliporudi. "Usiilowanishe. Mwonyeshe fundi pale unapopiga teke, apaimarishe."

Fundi akaongeza kipande cha ubao, akaurudisha bila kuuranda, kwa uso wa mtu anayefanya dhambi.

Ikapita wiki. Asubuhi moja kabla ya jua Mzee Kagua aliamka upesi, akafunga kamba za viatu, akaenda mlangoni. Shehena ilikuwa njiani na wale vijana wa kupakua hawaaminiki. Akavuta kitasa. Akavuta tena, kwa mikono miwili, mguu ukutani.

"Mama watoto," aliita. "Njoo uone wizi huu. Mlango mpya kabisa, unabana. Nilimwambia fundi aurande, nikamsimamia kwa macho yangu haya, na bado katudanganya."

Mkewe alitoka chumbani akijifunga kanga.

"Mafundi wa siku hizi ndio walivyo," alisema. "Njoo kwanza unywe chai. Nitamwita."

"Asiguse kitu mpaka niwepo."

"Nitamwambia."

Mzee Kagua alikaa mezani, akampa jicho la pembeni. Sauti ya mkewe haikuwa sawa.

"Umelia?"

"Ni moshi wa jiko."

"Kuna kitu unanificha."

"Sikufichi kitu, baba watoto. Kunywa."

Hakumwamini hata kidogo. Lakini chai ilikuwa ya moto, na mlango ulikuwa umefungwa, akanywa.