Simu za Shosho

Majuzi nilipita Nakuru, nikaingia hoteli moja kunywa chai. Kwenye kaunta walikuwa wameweka simu ya zamani kama pambo, ile ya kuzungusha namba kwa kidole. Nikaingiza kidole, nikazungusha, nikaachilia. Ule mlio wa namba ikirudi polepole ulinipeleka moja kwa moja kwa shosho, bibi yangu, nikiwa darasa la tano.

Shosho alifanya kazi ya kuunganisha watu kwa simu tangu usichana wake. Alipostaafu, kila mtu alikuwa ananunua simu ya mkononi na zile za zamani zinatupwa, naye akaanza kuziokota. Alipewa na maofisi yaliyohama, na wazee wa mashamba ya juu, na familia za Wahindi wenye maduka mjini. Alizifungulia kwenye meza ya jikoni, akalowesha maganda ya simu kwenye beseni la maji ya sabuni, mimi nikayasugua kwa msasa, halafu akayapaka rangi ya magari. Yalikauka kwenye kamba ya nguo katikati ya blauzi zangu za shule, mekundu, ya samawati, ya rangi ya maziwa. Githeri yetu ya mahindi na maharagwe ilinukia thina ya kupunguzia rangi, rafiki yangu, na tuliila. Shosho alipenda kusema simu haizeeki, ni watu wamechoka kuongea.

Likizo ya Desemba 2007 alimpa jirani yetu moja ya kijani. Mimi nilimwita Auntie. Mumewe alifanya kazi ya maua Naivasha, naye alibaki na mtoto aliyekuwa anaanza kutambaa. Shosho alipitisha waya kwenye ua wa michongoma, akaunga betri za redio, na nyumba mbili zikaongea. Kengele haikulia, kwa hivyo ulimwita mwenzako kwa kugonga sufuria. Walikuwa wakiulizana tu kama unga wa chapati umelainika.

Halafu kura za urais zikatangazwa, makabila yakaanza kupigana, na moshi ukapanda upande wa chini wa mji. Maduka yakafungwa, kadi za simu zikakosekana. Vijana wa mtaa walikuja langoni wakamwambia shosho, kwa heshima kabisa, kwamba yule jirani si mtu wetu na asionekane naye. Shosho akawaitikia. Akafunga mlango, akagonga sufuria.

Siku hizo alihamishia kigoda karibu na simu. Auntie hakuwa na habari za mumewe, na maziwa ya mtoto yalikuwa yameisha. Shosho alimsikiliza mpaka akatulia, kisha akasukuma chupa ya maziwa chini ya michongoma kwa fimbo.

Siku lori la kuwapeleka uwanja wa maonyesho, walikokusanywa waliofukuzwa makwao, lilipokuja, Auntie alipiga sufuria mara ya mwisho. Aliomba aende na ile simu.

“Beba, mama. Ni yako.”

“Na huko nitaongea na nani?”

“Wewe inua tu. Mimi nitakuwa nasikiliza.”

Lori lilipoondoka, shosho aliweka mkono wa simu sikioni, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa.

Mume alipatikana mzima. Walihamia kwao, mbali, na hawakurudi tena. Shosho naye alishapumzika, na simu zake ziligawanywa kwa jamaa ambao sidhani wanazo bado. Michongoma ilikatwa. Pale sasa pana ukuta mrefu wa mawe, na anayeishi upande wa pili simjui.