Koleo la Saruji la Kutuliza Moyo

Asubuhi, mbao zikiwa bado na umande, Mama Zege anavaa buti zake na kuigonga mashine ya kuchanganyia zege kwa mpini wa koleo. "Amka, mvivu wewe!" anaiambia. Mashine inakohoa, inazunguka, lakini Mama Zege mwenyewe ana wasiwasi. Leo inaondolewa mirunda, miti inayoshikilia dari ya darasa alilolikorogea zege.

Kwenye kikosi chao, aliyekoroga ndiye hutangulia kusimama chini ya dari. Miaka yote amefanya hivyo huku akipiga mluzi.

"Lakini zege hili nililikoroga roho mkononi," anasema.

Kisa ni saruji. Mhandisi wa jengo, binti mpole asiyeisha maswali, hupima hewa ukaa ambayo jengo limeshaisababisha kabla halijapata hata mlango: moshi wa matanuri ya saruji, wa viwanda vya chuma, wa malori. Alipopiga hesabu, saruji ikaongoza. Akaamua nafasi ya theluthi yake ichukuliwe na unga wa masalia ya tanuri la chuma.

Mama Zege aliitikia vizuri tu, kisha akafanya yake. Wakati wa kumwaga nguzo, kila mchanganyiko aliutupia koleo moja la saruji la ziada. Mafundi huliita koleo la kutuliza moyo.

Vipande vya zege hilo vilivyopelekwa kupimwa nguvu vikamuumbua. Maabarani, mashine ilivibana weee, hadi kupita kipimo kilichotarajiwa, vikagoma kupasuka.

"Mama, hapa kuna mkono wa mtu," mhandisi alimwambia.

"Ni wangu, mwanangu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze."

Hakumfukuza. Alimuuliza sababu, na Mama Zege akamweleza habari za mumewe, fundi mwashi. Zamani, kwenye jengo ambalo tajiri wake alibana saruji, kibaraza kilimwangukia mguuni. Hadi leo anatembelea gongo, na hajakubali tena kukaa chini ya dari ya zege.

"Saruji ikipungua, mimi naona ule mguu," alimwambia.

Basi wakakoroga pamoja kipande kipya, bila koleo la ziada. Kilipokomaa, mhandisi alimwachia Mama Zege mwenyewe aendeshe mashine ya kubania. Kipande kilihimili zaidi ya ramani ilivyotaka. Dari ikamwagwa vivyo hivyo, ingawa moyo wa Mama Zege, anakiri, uliendelea kununa.

Sasa mrunda wa mwisho unatolewa. Mama Zege anaingia, anasimama katikati, anatazama juu. Hakuna ufa, hakuna hata vumbi.

"Haya, njooni! Au mnangoja kadi za mwaliko?"

Wenzake wanaangua kicheko. Mlangoni amesimama mzee mwenye gongo, mumewe, aliyekuja bila kuitwa.

"Lile koleo lako ulitia?" anauliza.

"Sikutia, baba watoto. Haki ya Mungu."

Mzee anaikagua dari kona hadi kona, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Kisha anavusha gongo kizingitini, na mguu unafuata.

Mama Zege ana mpango wa kuongeza chumba nyumbani, kwa mchanganyiko huu huu. Alikuwa hajathubutu kumwambia mumewe.

"Na kile chumba chako unachokiwaza kimya kimya," mzee anasema, akiwa amesimama chini ya zege, "kiwekee dari kama hii. Kelele za mvua kwenye bati zimenichosha."