Kitambaa cha Kikombe Kimoja

Juzi nilimkuta binti wa jirani akifumua uzi huku akilia, nikacheka, maana nilijikumbuka nilipokuwa mdogo kama yeye. Shangazi alikuwa amenipa spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha iwe sindano yangu ya kufumia, nami nilitaka kitambaa changu kiwe mezani wageni wake wakifika. Nilikaza kila kitanzi kwa nguvu zangu zote, nikidhani huo ndio ufundi. Kikajikunja.

"Mama, hii kofia umemfumia nani?" shangazi akanitania. "Haya, fumua."

Nilifumua mara tatu, mpaka uzi mweupe ukawa rangi ya udongo na kunuka moshi. Mara ya nne kikalala sawasawa, ingawa kilitosha kikombe kimoja tu. Shangazi akakiweka chini ya chai ya mgeni mzee kuliko wote.

"Kafuma nani hiki?" bibi yule akauliza.

"Mimi!" nikapayuka kutoka jikoni. Hata shikamoo nilisahau.