Kumeza Mbele ya Mukwe

Dada yangu Bibiane ni mtu wa kuona haya, tena haya ya zamani, ile ya kwetu Likasi. Anakaa hapa Ulaya, mtaa wa Ganshoren, kwa binti yake anayeitwa Mujinga, miaka na miaka sasa, na bado akisikia mlango unafunguliwa na mukwe wake Florent anaingia, anabeba sahani yake na kwenda kumalizia chakula jikoni. Mujinga alikulia huku. Yeye anafikiri mama yake anapenda tu kula karibu na redio. Watoto wa Ulaya, bwana!

Bon, nilikuwa Likasi kwenye kilio cha mjomba wetu, Mujinga akanipigia simu analia. Bibiane amepata kiharusi, kule nyuma ambako ubongo unashikana na uti wa mgongo. Miguu ilipona upesi. Kilichogoma ni koo. Hakuweza kumeza hata mate yake, sauti ikawa ya kukwaruza, na chakula kikawa kinapitishwa kwenye mrija wa puani.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja hospitali na sanduku langu. Pale nikamkuta Élodie, logopède, yaani yule anayewafundisha wagonjwa kusema na kumeza upya. Alinieleza pole pole mpaka na mimi msuka nywele nikaelewa. Kichwani zinatoka neva jozi kumi na mbili, na ili umeze tonge moja unazihitaji nyingi: ya tano ya kutafuna, ya saba ya kufunga midomo, ya kumi na mbili ya kusukuma ulimi. Halafu ya tisa inahisi kwamba chakula kimefika kooni, na ya kumi inainua kaakaa na kufunga njia ya pumzi, chakula kisiende mapafuni. Kiharusi kilipiga pale zinapoanzia hizo mbili, ya tisa na ya kumi, upande mmoja.

“Lakini tazama,” alisema.

Akamwambia Bibiane afungue kinywa, aseme aaa. Siku za kwanza, alinieleza, kaakaa lilipanda upande mmoja tu, na kimio, kile kinyama kinachoning'inia, kikavutwa huko huko. Sasa pande zote mbili zilipanda sawa. Akamgusa nyuma ya koo kwa kijiti cha pamba. Bibiane akataka kutapika, nusura ampige kofi. Akakohoa, na kikohozi kilikuwa na nguvu.

“Neva zinarudi,” Élodie alisema. “Lakini tukimjaribu na chakula saa sita, anakiweka shavuni mpaka kinatoka. Sielewi. Daktari anataka Ijumaa wamtoboe tumbo, waweke mrija wa kukaa. Nimemwomba anipe nafasi ya mwisho.”

Mrija wa tumboni! Dada yangu huyu, ambaye kwa bukari, ule ugali wetu, na samaki hajawahi kusema imetosha! Nikakaa juu ya sanduku.

Saa ya chakula ikafika, na Florent akaingia. Kijana huyu anaoka mikate usiku huko Laeken, na mchana, badala ya kulala, alikuwa anakuja kumlisha mama mukwe wake, maana Mujinga yuko kazini. Alinawa mikono, akamfunga Bibiane kitambaa shingoni, akapuliza viazi vilivyopondwa kama anamlisha mtoto mchanga.

“Maman, kidogo tu. Fanya juu ya Mujinga, afurahi.”

Bibiane akapokea, akafumba macho, akageukia ukuta. Chakula kikatoka pembeni mwa mdomo. Florent akampangusa, akachota kijiko kingine.

Yesu wangu! Hapo nikaona.

“Florent, toka inje.”

“Maman Rolande, nimefanya nini?”

“Toka, nakuambia! Wapi uliona mukwe analisha mama mukwe? Utamuua na njala, na ile upendo yako!”

Masikini, alitoka kichwa chini. Élodie alinikodolea macho. Nikamweleza: kwetu, mama hafungui kinywa mbele ya mume wa binti yake. Hali, hatafuni, hamezi. Ndiyo heshima yake, na ni yeye mwenyewe tu anayeweza kuiondoa. Sasa Bibiane angemwambiaje kijana anayemhudumia hivyo? Aliona heri njaa kuliko kumvunja moyo.

Nikashika kijiko mimi. Élodie akaweka vidole kwenye koo la dada yangu. Kidevu chini, na Bibiane akameza. Tena. Na tena. Nililia bila aibu yoyote, na Élodie akakimbia kumwambia daktari aache mambo ya Ijumaa.

Lakini alirudi na neno lingine. Nyumbani Bibiane asile peke yake kamwe. Lazima mtu amtazame kila tonge, akipaliwa amsaidie. Mchana nani yuko nyumbani? Mujinga yuko kazini, mimi niko saluni Auderghem. Alikuwepo Florent tu. La sivyo, nyumba ya wazee.

Florent alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, anatazama sakafu.

“Nitakaa nyuma ya kiti, Maman. Sitaangalia.”

“Lazima uangalie,” Élodie alisema kwa upole.

Bibiane alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Nilimwonea huruma. Kisha akamwita, kwa sauti yake ile ya kukwaruza:

“Florent. Mukwe njo banamufichaka kinywa. Mutoto, hapana. Kuya, ikala.”

Yaani anayefichwa kinywa ni mukwe, mtoto hafichwi. Florent akaja, akakaa. Akachota viazi kidogo. Bibiane akainamisha kidevu kama alivyofundishwa, akafungua kinywa mbele ya mume wa binti yake, akameza huku anamtazama usoni.

“Mutoto wangu,” akasema, “leta ingine.”