Mlipuko Mkuu wa Lita Tano

Naandika haya mkono mmoja ukiwa umefunika uso, kwa sababu hakuna namna ya kusimulia siku ile bila kujificha kidogo. Mkinikuta soko la maziwa hapa Isiolo mtasikia akina mama wakiitana, "Huyo anakuja, shikeni vifuniko!" na wateja wageni wanashika pochi zao wakidhani mimi ni mwizi. Mimi si mwizi, mimi ni mwanasayansi, ila kwa sasa watu wa hapa hawaoni tofauti kubwa.

Shida ilianza kwa huruma, si kwa utundu (najua hamniamini, endeleeni tu). Tuna mwalimu wa fizikia anaitwa Madam Kendi, mama mfupi kutoka Meru, na huyo ndiye mwalimu pekee ambaye ukimuuliza swali lisilokuja kwa mtihani haangalii saa. Siku moja nilimuuliza, ili tu kipindi kiishe, vitu vyote vilitoka wapi. Akaweka chaki chini akasema kila kitu unachokiona, mbuzi, milima, hata hiyo sweta yako ambayo haijafuliwa, hapo mwanzo kilikuwa kimebanwa mahali padogo kuliko punje ya chumvi, pana joto lisilosemeka, halafu kikaanza kutanuka na mpaka leo kinatanuka, na mwanzo huo wanauita Mlipuko Mkuu. Siku hiyo sikula chakula cha mchana vizuri. Niliangalia maharagwe kwa sahani nikawaza, kumbe sisi tulikuwa pamoja.

Halafu akatuletea fizikia ya kwantamu, ya vile chembe ndogo kabisa haijaamua iko wapi mpaka uipime. Hiyo niliipenda kupita kiasi. Mwalimu wa zamu aliponikuta kwa kibanda cha chapati wakati wa masomo, nilimweleza kwamba kabla hajaniangalia nilikuwa darasani na pia kibandani, yeye ndiye ameharibu mambo kwa kuniangalia. Nilipalilia bustani ya shule siku mbili, na siku hizo zote nilikuwa mahali pamoja tu.

Sasa, mwalimu mkuu akatangaza kwamba wasipopatikana watoto kumi na tano wa kidato cha pili wa kuchagua fizikia, mwaka ujao hakuna darasa la fizikia, na Madam Kendi atapelekwa shule nyingine. Walikuwa wamejiandikisha sita. Akapewa dakika kumi siku ya wazazi, awashawishi watoto na wazazi wao pamoja, na yeye, kwa sababu ambazo bado anajutia, akaniomba mimi niongee.

"Ekiru, chukua hili puto," akaniambia. "Chora nukta kwa kalamu, puliza polepole, waone nukta zikiachana. Basi. Usiongeze chumvi."

Puto! Wazazi wanatoka Garbatulla na Kulamawe na barabara zile, nyanya yangu mwenyewe anaacha mbuzi Leparua kwa jirani, wote waje kuniona nikipuliza puto kama mtoto wa birthday? Nikaona hapana, hawa watu nitawaeleza ulimwengu kwa kitu wanachokijua. Na huo uamuzi mdogo, jamani, ndio ulioniua.

Asubuhi nilipita kwa mamake Guyo. Guyo ni rafiki yangu wa kuketi naye dawati moja, na mamake anauza maziwa ya ngamia sokoni. Nikamsalimia vizuri ("Salaam aleikum, mama," ingawa mimi ni wa kanisani, maana ukitaka kitu unasalimia kwa heshima) nikamuomba mtungi mmoja wa lita tano kwa ajili ya elimu. Alinipa ule wa maziwa ya juzi, yaliyoanza kuganda na kugeuka mala.

"Lakini usikaze kifuniko," akasema. "Hii maziwa bado inapumua. Sisi tunaachilia kidogo, unaona? Ikikosa pa kutokea, itakushangaza."

"Nimesikia, mama."

Nilisikia kweli. Ila pikipiki ya boda ilikuwa inaruka mashimo, maziwa yakaanza kunimwagikia suruali ya shule, ile safi ya pekee, nikakaza kifuniko. Nikakaza sana. Nikafika ukumbini nikaweka mtungi dirishani, kwenye jua, halafu mwalimu mkuu akaanza hotuba.

Ile hotuba nayo ilikuwa inatanuka. Alianza saa tatu, saa tano bado tuko kwa historia ya choo kipya. Guyo akanipiga kiwiko.

"We Ekiru, hiyo kitu imefura."

Nikaangalia. Mtungi ulikuwa umevimba pande zote mpaka hauwezi kusimama vizuri, umekuwa kama ngamia mwenye mimba.

"Haijafura," nikamwambia. "Inatanuka. Ulimwengu unatanuka."

"Mimi nimelelewa na hiyo maziwa. Legeza!"

"Nikilegeza sasa, mlipuko mkuu nitautoa wapi?"

(Hayo maneno niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, na Guyo huyarudia kila mahali akibadilisha sauti iwe ya kijinga.)

Zamu yetu ikafika. Madam Kendi alisimama kando akiwa ameshika ile karatasi ya majina sita, na alipoona nimekuja na mtungi badala ya puto, uso wake ulibadilika. Lakini nilikuwa nimeshaanza. Nilichora nukta kwenye mtungi nikasema hizi ni nyota, nikaeleza punje ya chumvi, nikaeleza joto, na niwaambie ukweli, watu walikuwa wananisikiliza. Wazee waliacha kutafuna miraa. Basi sifa zikanipanda kichwani, nikaamua kuongeza na ile kwantamu.

"Wazazi wangu, haya maziwa ni freshi ama ni mala?"

"Freshi!" upande mmoja ukasema.

"Mala!" huyo alikuwa nyanya yangu, kiti cha mbele, na gauni lake la Jumapili.

"Wote mko sawa!" nikasema. "Kwa ile hesabu ya chembe ndogo, mpaka tufungue, ni yote mawili!"

Mwalimu mkuu akacheka, akainuka, akaja karibu aone vizuri. Alikuwa na suti ya rangi ya maziwa. (Hapana, samahani. Ilikuwa nyeusi. Nimechanganya kabla na baada.) Nikaegemeza mtungi kifuani, nikazungusha kifuniko nusu tu.

Sikukizungusha ile nusu nyingine. Kilijizungusha chenyewe, kikaondoka kama risasi, na maziwa yakapanda juu kama nguzo mpaka kwenye feni. Sasa hiyo feni ilikuwa haijawahi kufanya kazi tangu nijiunge na hiyo shule. Ilikuwa imetengenezwa jana yake kwa heshima ya wageni. Ikachukua yale maziwa ikayagawa ukumbi mzima, mbele, nyuma, mpaka kwa mlinzi aliyesimama mlangoni, kwa usawa ambao maharagwe yetu hayajawahi kugawiwa. Mwalimu mkuu aliyekuwa karibu alipata yake moja kwa moja, bila kupitia feni.

Tone, tone, tone. Harufu ya mala na moshi, ule moshi ambao akina mama hufukizia mitungi.

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa tai, tai nayo ikiwa imelowa.

"Ekiru."

"Ndio, mwalimu."

"Hii ilikuwa nini?"

"Mwanzo wa ulimwengu, mwalimu."

Nilimwangalia Madam Kendi. Karatasi ya majina ilikuwa imeshikana na vidole vyake na wino unateremka, yale majina sita yamekuwa mto mmoja wa bluu, na hapo ndipo kicheko changu chote kilipoisha. Nilikuwa nimemfukuzisha. Mwalimu pekee aliyewahi kuweka chaki chini kwa ajili yangu, na mimi nimemmalizia kazi kwa lita tano.

Ndipo nyanya akalamba mdomo wa juu.

"Ni mala," akasema kwa sauti. "Si nilisema?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wa pili, kisha ukumbi wote. Nyanya hakucheka. Alisimama, gauni linachuruzika, akaninyooshea kidole.

"Sasa nimeelewa. Ilibanwa, ikatoka, ikaenda kila mahali. Lakini hii ilikuwa ndani ya mtungi. Hiyo yenu ya zamani ilikuwa ndani ya nini? Na nani alikaza kifuniko?"

Nikamgeukia madam. Alijifuta paji la uso.

"Mama, kuna wanaosema haikuwa ndani ya kitu, kwamba hata hiyo nafasi yenyewe ilianzia hapo. Lakini kilichokuwa kabla, sijui. Na hakuna anayejua."

"Hata hao wakubwa?"

"Hata wao."

"Aliyekaza mimi namjua, namshukuru kila asubuhi," nyanya akasema akiketi. "Nilitaka tu mniambie alikaza namna gani."

Msichana mmoja wa kidato cha pili, hijabu yake ina madoa kama ule mtungi wangu, akainua mkono. "Madam, kama hakuna anayejua, sisi tukisoma tunaweza kuwa wa kwanza?"

"Mnaweza," madam akasema.

"Basi niandike."

Karatasi mpya ilitundikwa Jumatatu. Kufikia Jumatano ilikuwa na majina kumi na saba, na mwalimu mkuu akatia sahihi, akaongeza chini kwa mkono wake: *Maziwa ni marufuku kwenye maabara.* Nilijaribu kumfariji kuhusu suti, nikamwambia hapo mwanzo suti na maziwa vilikuwa kitu kimoja, mimi nimevirudisha pamoja tu. Ndiyo maana nilisugua dari ya ukumbi peke yangu.

Mamake Guyo naye alinipa adhabu yake: kila Jumamosi niko sokoni nikilegeza vifuniko, mtungi kwa mtungi, robo mzunguko, usikie kile kipumzi kidogo kinatoka. Naapa mbele yenu, sitakaza kifuniko cha maziwa tena maishani, hata suruali ilowe mpaka magoti, na nikipewa puto nitapuliza puto.

Ila nyanya bado hajaniachilia. Kila nikienda Leparua, kabla hata sijapewa chai, ananiuliza, "Mmefika kwa ile ya kifuniko?"

"Bado, nyanya."

"Basi kunywa chai haraka, urudi shule."